Baiskeli Katika Tambarare la Empordà, Katalunya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mwendesha baiskeli akisikia jina la Girona hufikiria milima, kwa sababu waendeshaji wa kulipwa wamekaa mji huo kwa miaka mingi na milima yake imekuwa maarufu. Ukurasa huu unahusu upande wa pili wa mji, yaani mashariki, barabara zinakoshukia mashambani na kila baada ya kilomita chache kuna kijiji cha mawe chenye mnara. Majibu yanawalenga wasomaji wa Kiswahili, walio nyumbani Afrika Mashariki na wanaoishi Ulaya.

Empordà iko wapi?

Iko kaskazini mashariki mwa Hispania, katika jimbo la Katalunya. Kaskazini kuna milima ya Pirenei na Ufaransa, mashariki kuna bahari ya Mediterania. Imegawanyika sehemu mbili: Alt Empordà upande wa kaskazini, ambayo mji wake mkuu ni Figueres, na Baix Empordà upande wa kusini, yenye makao yake La Bisbal d'Empordà. Mito ya Muga, Fluvià, Ter na Daró ndiyo iliyoleta udongo na kuutandaza hadi baharini, ndiyo maana ardhi ni laini, ina rutuba, na inalimwa karibu yote. Girona yenyewe iko pembeni kidogo, magharibi mwa tambarare, lakini wageni wengi hulala huko kwa sababu ya treni, hoteli na maduka ya baiskeli.

Kwa nini nihangaike na tambarare wakati kila mtu anazungumzia Rocacorba?

Nenda Rocacorba ukitaka. Ni mlima mzuri, unaanzia karibu na ziwa la Banyoles na utakutoa jasho. Lakini mtu akisafiri kutoka Mombasa au Mwanza mpaka Katalunya, akatumia siku zote akitazama tairi la mbele huku akihesabu mapigo ya moyo, atarudi akiwa amepajua mahali hapo kwa mapafu tu.

Kwenye tambarare kuna nafasi ya kuinua kichwa. Unaona mnara wa kanisa kwa mbali, dakika kumi baadaye uko chini yake, na dakika kumi nyingine unaona mnara unaofuata. Umbali kati ya kijiji na kijiji ulipimwa na miguu ya watu na punda, na baiskeli inafaa kabisa kwa kipimo hicho. Gari hupita kijiji cha Peratallada kwa dakika mbili. Kwa miguu, vijiji vinne ni kazi ya siku nzima. Kwa baiskeli unavipata vyote, na bado unasikia kengele zikigonga saa. Huo ndio msimamo wangu, na majibu mengi hapa chini yanatokana nao.

Je, ni tambarare kweli, au ni maneno ya wenyeji?

Kusini mwa mto Ter hadi Pals, na eneo la pwani karibu na Castelló d'Empúries, ni tambarare kweli. Kwingineko kuna vilima vidogo vya kupanda kwa dakika tatu au nne. Vijiji vingi vya kale vimejengwa juu ya vilima hivyo, kwa hiyo ukitaka kuingia kijijini, utapanda kidogo.

Kusini magharibi kuna safu ya vilima vya misitu iitwayo Gavarres, ambayo kilele chake ni mita 532 tu. Kaskazini mwa mji wa Torroella de Montgrí kuna mwamba mtupu wa Montgrí, unaofikia kama mita 300. Mwamba huo na ngome iliyo juu yake huonekana karibu kutoka kila pembe ya Baix Empordà, kwa hiyo ukipotea utafute kwanza.

Nikitoka Girona siku moja tu, nipite njia gani?

Njia ninayompendekezea kila mgeni ina karibu kilomita 90, na ina mlima mmoja tu wa maana, mwanzoni miguu ikiwa bado mipya.

Toka Girona upande wa mashariki, upande kwenda kanisa la Els Àngels. Ni kilomita kama kumi za kupanda polepole ndani ya msitu wa mialoni na misonobari, jumla ya mita takriban 400 za mwinuko. Juu kuna kanisa, maji, na mahali pa kukaa. Hali ya hewa ikiwa safi utaiona tambarare yote mbele yako hadi baharini, na huo ni wakati wa kuitazama ramani kwa macho: Montgrí kushoto, vilima vya Begur mbele, vijiji vya mawe katikati.

Shuka hadi Madremanya, kisha Monells. Kutoka hapo pita njia ndogo hadi Cruïlles, halafu La Bisbal, Vulpellac, Peratallada, Palau-sator na Pals. Hapo utakuwa umebakiza kilomita chache kufika baharini. Rudi kupitia Fontanilles na Gualta, penye daraja la kale la mawe, vuka mto kwenda Torroella de Montgrí ukipenda, kisha geukia magharibi kupitia Serra de Daró, Parlavà, Rupià na Foixà hadi Púbol. Ukimaliza Púbol, shika njia za mashambani za bonde la Ter kupitia Flaçà na Bordils mpaka Girona.

Usijaribu kuingia kila kijiji. Chagua vitatu au vinne vya kushuka na kutembea, vingine vipite taratibu tu. Na epuka barabara ya C-66 kati ya Girona na La Bisbal: ni fupi zaidi kwenye ramani, lakini ina malori na haina raha yoyote.

Vijiji gani nisivikose?

Peratallada ndicho cha kwanza. Mwamba chini ya kijiji ulichongwa kuwa handaki, na bado unaweza kutembea ukingoni mwake na kuona jinsi ukuta ulivyoota kutoka kwenye jiwe lenyewe. Ngome na mnara wake viko katikati, na vichochoro ni vya mawe yaliyolika kwa karne nyingi. Shuka kwenye baiskeli. Matairi membamba hayapendi mawe hayo, na wenyeji hawapendi baiskeli zinazokimbia mlangoni pao.

Pals kiko juu ya kilima, na mnara wake wa duara, Torre de les Hores, ni mabaki ya ngome iliyokuwapo. Ni kizuri sana, na kwa sababu hiyo kinajaa mabasi ya watalii kuanzia saa tano asubuhi. Pita mapema. Chini yake kuna mashamba ya mpunga, na aliyewahi kupita Mwea msimu wa maji atajihisi nyumbani kidogo: vijaruba, mifereji, na ndege weupe wakitembea nyuma ya trekta. Mpunga ulilimwa hapa tangu zamani, ukapigwa marufuku karne ya 19 kwa hofu ya malaria, kisha ukarudishwa. Leo mchele wa Pals unauzwa kwa jina lake.

Monells kina uwanja uliozungukwa na matao, ambapo soko lilifanyika enzi za kati. Soko hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba kipimo chake cha nafaka kilitumika hata nje ya kijiji. Kaa chini ya matao hayo na kahawa, utaelewa kwa nini wafanyabiashara walipapenda: jua halikufikii, mvua haikufikii.

Kuna na vidogo ambavyo watalii huvisahau. Cruïlles kina mnara mrefu wa duara uliobaki peke yake baada ya ngome kutoweka. Karibu na Palau-sator kuna kanisa dogo la Sant Julià de Boada, la karne ya 10, lenye matao yaliyopinda ndani kama kwato la farasi. Ni chumba kidogo tu, kimekaa mashambani zaidi ya miaka elfu moja, na mara nyingi utakuwa hapo peke yako. Kwangu mimi kina thamani kuliko maduka yote ya ukumbusho ya Pals.

Ngome zote hizi zilijengwa kwa nini?

Kwa sababu wakubwa wa nchi hawakuaminiana, na wote walihitaji kumbana mkulima.

Enzi za kati eneo hili lilikuwa na mabwana wengi. Kulikuwa na makabaila wa Empúries, waliokaa Castelló d'Empúries na kujiona karibu sawa na wafalme. Kulikuwa na askofu wa Girona, ambaye ngome yake bado iko katikati ya La Bisbal. Kulikuwa na mabwana wadogo wa Peratallada, Cruïlles na kwingineko. Juu yao wote kulikuwa na mfalme wa Aragon, aliyetaka kuwashika. Kila mmoja alijenga mnara wa kumtazama mwenzake na wa kuhifadhia nafaka aliyotoza.

Ngome ya Montgrí inaieleza hadithi hiyo vizuri kuliko kitabu. Ilianza kujengwa mwaka 1294 kwa amri ya mfalme Jaume wa Pili, juu ya mwamba ambao kabaila wa Empúries angeuona kila asubuhi akiamka. Ni mraba kamili wenye minara minne ya duara kwenye kona. Kazi ilisimama mwaka 1301 na ngome haikumalizika. Ndani ni patupu: hakuna vyumba, hakuna paa. Kuta zenyewe zilitosha kumwambia kabaila kwamba mfalme amefika. Njia ya kupanda ni ya mawe na haiendeki kwa baiskeli ya barabarani. Ifunge mjini Torroella, panda kwa miguu karibu saa moja, na ubebe viatu vya kawaida, maana viatu vyenye chuma cha pedeli vitakuangusha.

Na mkulima? Huku wakulima wengi walikuwa wamefungwa kwenye ardhi ya bwana. Hawakuruhusiwa kuondoka mpaka wajikomboe kwa fedha, na waliitwa *remences*. Bwana alikuwa na haki nyingine nyingi juu yao, zilizoitwa hata na watu wa wakati ule desturi mbovu. Walichukua silaha mara mbili, kuanzia mwaka 1462 na tena mwaka 1484. Mwaka 1486, kwa hukumu iliyotolewa mjini Guadalupe na mfalme Fernando, desturi hizo zilifutwa kwa malipo, na mkulima akapata haki ya kuondoka. Nyumba kubwa za mawe utakazoziona zimesimama peke yake katikati ya mashamba, ziitwazo *masies*, ni za familia za wakulima, na nyingi zilikua na kunawiri baada ya hapo. Ukipita kijiji chenye mnara, halafu baada ya kilomita moja ukaona nyumba kubwa ya shamba yenye mlango wa tao, umepita pande zote mbili za ugomvi huo.

Je, kuna mambo ya kale zaidi ya ngome?

Mengi. Ullastret, nje kidogo ya kijiji cha leo chenye jina hilo, kuna mabaki ya mji wa Waiberia, wenyeji wa kale wa hapa kabla ya Warumi, mkubwa kuliko yote iliyopatikana Katalunya. Watu waliishi hapo tangu karne ya 6 kabla ya Kristo, na kuta zake bado zimesimama. Iko njiani kati ya La Bisbal na Torroella, kwa hiyo huna sababu ya kuikosa.

Pwani, karibu na L'Escala, kuna Empúries, bandari iliyoanzishwa na wafanyabiashara Wagiriki mwanzoni mwa karne ya 6 kabla ya Kristo. Jina la Empordà limetoka hapo. Mwaka 218 kabla ya Kristo majeshi ya Roma yalishuka hapo hapo kupigana na watu wa Karthago, dola ya Afrika Kaskazini, na hivyo Warumi wakaingia Hispania. Na mwaka 1992, mwenge wa Olimpiki ya Barcelona ulipowasili kutoka Ugiriki, uliingia nchini kupitia ufuo huo. Kijiji kidogo cha Sant Martí d'Empúries, jirani yake, kina kanisa, uwanja na kuta, na njia ya baharini iliyo bora kwa kupumzika.

Púbol ina nini cha pekee?

Ni ngome ya karne ya 11 katika kijiji kidogo sana, ambayo mchoraji Salvador Dalí aliinunua na kumpa mkewe Gala mwishoni mwa miaka ya 1960. Gala alikubali kwa sharti kwamba Dalí asiingie bila kualikwa kwa maandishi. Alipofariki mwaka 1982 alizikwa humo chini, na Dalí akahamia mpaka moto wa chumbani mwaka 1984 ulipomlazimisha kuondoka. Leo ni makumbusho. Haifunguliwi mwaka mzima, hivyo angalia ratiba kabla ya kupanga safari. Kuna mahali pa kuegesha baiskeli nje, lakini chukua kufuli.

Upepo wa tramuntana ni wa kuogopwa?

Ni wa kuheshimiwa. Tramuntana hutoka kaskazini, huvuka Pirenei na kushuka kwa nguvu kwenye tambarare, hasa Alt Empordà. Siku mbaya hupita kilomita 100 kwa saa. Utajua ulikopita kwa kutazama mashamba: safu za miberoshi zimepandwa bega kwa bega upande wa kaskazini ili kukinga mazao, na nyumba za kale zina madirisha machache upande huo.

Huvuma zaidi wakati wa baridi na mwanzoni mwa masika, na unaweza kudumu siku kadhaa. Ukitabiriwa, baki kusini mwa Ter, penye unafuu, na anza kwa kwenda kaskazini ili urudi ukisukumwa. Usitumie magurudumu yenye rimu pana siku hiyo. Upepo wa ubavu utakurusha katikati ya barabara. Ukivuma sana, acha. Girona ina ukuta wa kutembelea juu yake, na kanisa kuu ambalo ukumbi wake ni mpana kuliko wowote wa mtindo wa Kigothi duniani, karibu mita 23. Siku haitapotea.

Kiangazi kuna upepo mwingine, *garbí*, wa kutoka kusini magharibi, ambao huanza mchana. Anayerudi Girona saa tisa alasiri atakutana nao usoni. Dawa yake ni kuondoka alfajiri.

Miezi gani ni mizuri?

Aprili hadi katikati ya Juni, kisha Septemba na Oktoba. Mei ngano bado ni ya kijani na maua mekundu ya mipopi yamejaa kando ya barabara. Lakini ujue kwamba katikati ya Mei Girona huwa na tamasha la maua, na vyumba hupanda bei na kuisha mapema. Septemba matofaa huvunwa karibu na Torroella, na mpunga wa Pals unageuka rangi ya dhahabu.

Julai na Agosti joto hupita nyuzi 30 na barabara za pwani hujaa magari ya wenye likizo. Inawezekana kuendesha, lakini uwe umemaliza saa tano asubuhi. Desemba hadi Februari kuna siku nyingi za jua, baridi asubuhi, na vijiji vitupu. Mimi naupenda msimu huo kwa sababu unasikia nyayo zako mwenyewe Peratallada, ila mikahawa mingi ya vijijini hufungwa siku za katikati ya wiki.

Nimezoea kuendesha kushoto. Itakuwaje?

Kwa anayetoka Kenya, Tanzania au Uganda, hili ndilo jambo la kufanyia mazoezi zaidi kuliko miguu. Hispania magari hupita kulia. Wanaotoka Kongo, Rwanda na Burundi hawatapata shida.

Hatari haiko kwenye barabara iliyonyooka. Iko unapoanza upya: ukitoka kunywa kahawa, ukitoka uwanja wa kijiji, ukikunja kwenye njia isiyo na gari lolote la kukukumbusha. Kila unapopanda baiskeli jiambie kwa sauti, “kulia.” Kwenye kipilefti unazunguka kinyume cha mshale wa saa, na wanaotoka kushoto kwako, walio tayari ndani ya mzunguko, ndio wenye haki ya kupita.

Angalia na breki. Huko breki ya mbele kwa kawaida huendeshwa na mkono wa kushoto. Baiskeli nyingi za kwetu zimefuata mtindo wa Kiingereza, breki ya mbele kulia. Ukikodi, ijaribu mahali patulivu kabla ya kushuka mlima wowote.

Sheria gani zinanihusu?

Helmeti ni lazima nje ya miji. Kuvaa vipokea sauti masikioni ukiendesha ni kosa. Kiwango cha pombe kinachowahusu madereva kinawahusu waendesha baiskeli pia. Usiku unahitaji taa mbele na nyuma, na nje ya mji vazi linaloakisi mwanga. Mnaruhusiwa kwenda wawili sambamba, lakini mkifika mahali pasipoonekana mbele, mfuatane mmoja mmoja.

Sheria inawalinda pia. Dereva anayekupita lazima akuachie mita moja na nusu, na anaruhusiwa kuvuka mstari mzima wa katikati ili akupe nafasi hiyo. Kundi la baiskeli huhesabiwa kama chombo kimoja: wa kwanza akishaingia kipilefti, magari husubiri wote wapite. Madereva wengi wa huko wamezoea, na utashangaa kuona lori likikufuata polepole nyuma mpaka barabara ifunguke. Mpungie mkono akipita.

Barabara zinazoanza na herufi C ni kubwa. Zenye GI na hasa GIV ndizo za kwetu waendesha baiskeli.

Viza na safari ya kufika zikoje?

Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Mimi nakushauri uombe mapema iwezekanavyo, kwa sababu kupata miadi kunaweza kuchukua muda kuliko viza yenyewe. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Hakikisha kwa maandishi kwamba inagharimia ajali ya baiskeli, maana nyingine haziigharimii. Mwenye kibali cha kuishi nchi ya Schengen hahitaji viza nyingine kwa ziara fupi.

Kutoka Barcelona, treni ya mwendo kasi hufika Girona kwa dakika kama 40, lakini baiskeli lazima iwe imefungwa kwenye begi. Treni za kawaida huchukua zaidi ya saa moja na huruhusu baiskeli kama ilivyo. Popote uendapo, tembea na kitambulisho. Polisi wana haki ya kukiomba.

Nije na baiskeli yangu au nikodi?

Kwa wiki moja au chini, kodi. Girona ina maduka mengi, na baiskeli ni nzuri. Njoo na pedeli zako, viatu, helmeti, na vipimo vya urefu wa kiti chako. Omba matairi ya milimita 28 au zaidi, kwani barabara ndogo zina viraka na vijiji vina mawe. Weka nafasi mapema kwa Aprili, Mei na Septemba. Beba tyubu mbili na pampu hata kama duka limekuhakikishia kwamba hutapata pancha. Wakikata vichaka vya kando ya barabara, miiba hubaki juu ya lami.

Chakula halali na maji je?

Maji si shida. Vijiji vingi vina bomba uwanjani. Penye maandishi *no potable*, usinywe.

Chakula kinahitaji uangalifu kwa Mwislamu, kwa kuwa nyama ya nguruwe iko kila mahali, hata kwenye supu na maharage. *Botifarra* ni soseji ya nguruwe. Vya salama kwa kawaida ni mkate uliopakwa nyanya na mafuta ya zeituni, biringani na pilipili hoho zilizochomwa ziitwazo *escalivada*, mayai, na dagaa wa chumvi wa L'Escala. Wali wa Pals mara nyingi hupikwa na nyama pamoja na vya baharini, hivyo uliza kabla ya kuagiza. Mji wa Salt, unaopakana na Girona, una jamii kubwa ya watu kutoka Gambia na Moroko, na huko utapata mabucha ya halali na migahawa ya Kiafrika.

Saa za kula ni muhimu kuliko unavyodhani. Chakula cha mchana hutolewa kuanzia saa saba hadi saa tisa na nusu hivi. Ukifika saa kumi ukiwa na njaa, utapata kahawa na pakiti ya viazi vya kukaanga. Jumapili mchana maduka ya vijijini hufungwa.

Navaa hijabu. Helmeti itakaa?

Itakaa. Tumia kitambaa chepesi kinachobana, kisicho na pini wala fundo nyuma ya kichwa, na uijaribu helmeti ukiwa umekivaa, kisha urekebishe kamba upya. Chagua kitambaa kinachokausha jasho haraka. Mikono na miguu iliyofunikwa ni faida kwenye jua la tambarare. Wanaovaa kaptula ndio huungua.

Nifanye mazoezi gani nikiwa nyumbani?

Watu wa Nairobi, Arusha na Mbeya wana milima na mapafu ya kutosha. Wanachokosa ni kukaa. Kwenye tambarare hakuna mteremko wa kupumzikia, unapiga pedeli saa nne mfululizo ukiwa umeketi vile vile, na mgongo, shingo na makalio ndivyo vinavyolalamika kwanza. Tafuta barabara bapa isiyo na magari mengi, na ukae kwenye kiti bila kusimama kwa muda unaoongezeka kila wiki. Mikono ibadilishe mahali kwenye usukani mara kwa mara.

Nina watoto, na mwenzangu si mwendeshaji. Kuna nafasi yao?

Ipo. Kati ya Girona na Sant Feliu de Guíxols kuna njia ya baiskeli ya karibu kilomita 40, iliyotengenezwa juu ya reli nyembamba iliyofungwa mwaka 1969. Haina magari kwa sehemu kubwa, mwinuko wake ni wa treni, na inaishia baharini. Ni ya udongo ulioshindiliwa, hivyo baiskeli yenye matairi mapana inafaa zaidi.

Nikiwa na siku za ziada, niende wapi?

Kaskazini, kama upepo umetulia. Lala Figueres au Castelló d'Empúries. Castelló kina kanisa kubwa ambalo makabaila walilijenga wakitumaini kupata askofu wao wenyewe. Askofu hakuja kamwe, kanisa likabaki. Kutoka hapo nenda Peralada, penye kasri lenye minara miwili ya duara, na Vilabertran, penye nyumba ya watawa ya kale. Karibu na bahari kuna hifadhi ya Aiguamolls, ardhi ya vinamasi iliyolindwa tangu mwaka 1983, ambapo korongo hujenga viota juu ya nguzo.

Ukiwa umefika Juma Kuu, kabla ya Pasaka, panga uwe kijiji cha Verges usiku wa Alhamisi Kuu. Watu waliovaa nguo nyeusi zilizochorwa mifupa hucheza ngoma ya kifo mitaani kwa mdundo wa ngoma moja. Barabara za kuingia kijijini hufungwa mapema na vyumba vya karibu huisha miezi kabla, kwa hiyo weka nafasi Torroella au L'Escala, na uwe na taa mbili za nyuma kwa safari ya kurudi gizani.

Nikipata ajali nimpigie nani?

Piga 112. Ni bure, inafanya kazi hata simu ikiwa haina salio, na wanaweza kukuhudumia kwa lugha kadhaa. Taja jina la kijiji ulichokipita mwisho na namba ya barabara. Kila kilomita kuna kibao kidogo chenye namba hiyo. Ukiangushwa na gari, usikubali kumalizana pale pale hata kama unajisikia mzima. Subiri polisi waandike ripoti, kwa sababu bila karatasi hiyo bima inaweza kukataa kulipa.